Ukurasa Aliouruka Mwalimu Mahfudha

Wanawake wanaosoma Kizungu kwa Mwalimu Mahfudha, pale Kibokoni, hujua mambo mengi kabla hata ya kukijua hicho Kizungu. Hujua kwamba ukichelewa baada ya Alasiri utaukuta mlango umerudishwa, nawe utabisha hodi mpaka uone haya. Hujua kwamba kahawa hutoka baada ya somo, si kabla. Hujua kwamba simu ikilia darasani, mwenyewe atasimama awaeleze wenziwe kwa Kizungu ni nani aliyepiga na alikuwa akitakani. Na wale waliokaa zaidi hujua kwamba katika kitabu cha mwalimu upo ukurasa mmoja usiomalizwa.

Ni ukurasa wa vitu vinavyohesabika na visivyohesabika. Nusu ya juu huisomesha vizuri sana. Huenda jikoni akarudi na sinia, na juu ya sinia pana mayai, tende, vikombe, bakuli la sukari na kibaba cha mchele, na wanawake huulizana how many ya hiki na how much ya kile huku wakicheka. Lakini chini ya picha ya sukari pana maswali ya watu kuulizana wao kwa wao, na la kwanza kabisa ni hili: una watoto wangapi? Akifika hapo, Mwalimu hulowesha kidole, hufunua karatasi mbili kwa pamoja, na darasa zima hujikuta limo kwenye vitenzi.

Hakuna aliyemuuliza mpaka alipokuja Maisara, bibi harusi mpya wa kichochoro cha nyuma, mwenye ulimi usiojua kukaa.

"Mwalimu, mbona twaruka?"

"Tumeruka nini?"

"Hapa. Pana maswali."

"Hayo mtayafanya nyumbani."

"Nyumbani n'tamuuliza nani, na mume wangu hata good morning huisema jioni?"

Wanawake wakacheka, naye Mahfudha akacheka nao, lakini kwa mdomo tu. Moyo wake ulikuwa umeshavuka kichochoro umeingia nyumba ya pili, kwa Nasiha. Wiki ile nzima masanduku yalikuwa yakiteremshwa huko. Nasiha na mumewe Taha walikuwa wanahamia Maskati kwa binti yao Hanin, aliyeolewa huko na sasa anakaribia kujifungua, na safari yenyewe ilikuwa Ijumaa baada ya sala. Mahfudha alikuwa na neno moja la kumwambia Nasiha, neno lililompasa miaka mingi iliyopita, na alijua wazi kwamba lisiposemwa kabla ya Ijumaa halitasemwa tena, kwa kuwa wao wawili si watu wa kupigiana simu. Hapo zamani walikuwa watu wa zaidi ya simu, na ndiyo maana jambo lenyewe linauma.

Mahfudha na Nasiha ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Mama zao walizaliwa tumbo moja na wakakaa mtaa mmoja, basi mabinti nao wakalelewa kama ndugu, Mahfudha akiwa mkubwa na Nasiha mdogo wa kubebwa kiunoni. Mahfudha alisoma sana. Alisomesha shule ya msingi huko Tononoka mpaka alipostaafu, na watoto wa watu aliowafunza hawana idadi; wengine leo ni madaktari, nao wakikutana naye njiani huficha sigara. Aliolewa na Zein, karani wa ghala huko Mbaraki, mtu mpole asiyepandisha sauti hata akikanyagwa mguu. Walipendana na wakazoeana. Mtoto hawakupata. Walikwenda hospitali, wakaenda kwa masharifu, wakanywa makombe ya aya zilizooshwa sahanini, mpaka siku moja Zein akasema, "Mke wangu, sisi tutosheke," nao wakatosheka, au wakasema wametosheka, na watu wakaacha kuwauliza.

Nasiha yeye aliolewa na Taha, seremala, akamzaa Hanin na wavulana wawili, akapumzika miaka, kisha wakati watu wameshadhani amefunga kazi, akamzaa Khubaib.

Huyo Khubaib alianza kuvuka kichochoro kabla hajajua kutembea sawasawa. Alikuwa akitambaa. Akishaamka asubuhi na kupewa chai, hutoka mlangoni kwao akaingia mlangoni kwa Mahfudha bila ya hodi, akaenda moja kwa moja mpaka jikoni, akasema, "Ma'mkubwa, nipe." Cha kupewa hakukitaja, alichopewa ndicho alichotaka. Mchana alilala kwenye kijichumba cha nyuma kwa sababu kina upepo. Zein akirudi kazini alivua viatu nje ya mlango asimwamshe. Jioni Nasiha alikuja kumchukua, naye Khubaib alishika nguzo ya kitanda akalia kama anayepelekwa ugenini, na Nasiha akasema huku akicheka, "Basi kaa na mamako huyo, mimi n'takwenda zangu." Mahfudha alilipenda neno hilo kuliko alivyoweza kuonyesha. Akilisikia hugeuka akajitia kukung'uta mito.

Wakati huo ndipo alipoanza darasa lake la wanawake. Nasiha alikuwa wa kwanza kujiandikisha, akikaa mbele kwenye busati, akikosea kwa sauti kubwa na kucheka kwa sauti kubwa zaidi. Alitaka kuweza kusema na walimu wa wanawe na kusoma dawa za mama yake. Mahfudha darasani alikuwa mkali, na kwa Nasiha alikuwa mkali zaidi, watu wasije wakasema anampendelea nduguye.

Siku ya ule ukurasa ilianza kwa raha. Sinia liliwekwa katikati. Mmoja akabisha, kwa nini Wazungu wanasema mtele hauhesabiki na mama mkwe wake huuhesabu punje kwa punje akijua nani amepika mwingi. Mahfudha mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha wakateremka kwenye maswali ya watu.

Sasa, mgeni huenda asilijue hili, lakini mtu wa mjini analijua bila ya kufunzwa: kwetu mzazi haulizwi ana watoto wangapi akatoa namba. Watoto hawahesabiwi kwa mdomo kama matofali. Ukimuuliza mama atakwambia, "Alhamdulillah, wapo," au, "Mwenyezi Mungu amejaalia," na wewe mwenye adabu utasema mashaallah na mazungumzo yataendelea. Husda ipo, jicho lipo, na hata asiyeamini hunyamaza kwa heshima ya wanaoamini. Mahfudha alikuwa mmoja wa hao wasioamini. Alikuwa akisema darasani kwake hamna jicho, mna Kizungu, na Kizungu kina namba. Ili kuwaondolea hofu, yeye ndiye aliyeanza kujijibu. Alisimama wima akasema kwa Kizungu kizuri, "Mimi sina mtoto." Alilisema kama mtu anayesema hana mwavuli. Wanawake wakatazama chini.

Kisha akawazungukia. Mmoja akasema wawili, mwengine akasema watano, akatema mate kidogo kifuani kujikinga, wakacheka. Zamu ikafika kwa Nasiha.

Nasiha akavuta mtandio wake mbele. Kisha akasema kwa Kiswahili, "Alhamdulillah, wapo."

"Kwa Kizungu."

"Mungu amejaalia, dada."

"Hapa mimi si dada. Namba, Nasiha."

Nasiha akatazama mikono yake. Akatabasamu kidogo, tabasamu la kuomba aachiliwe. Na hapo ndipo Mahfudha alipochomwa. Wenziwe wote wamesema, mwenye wawili na mwenye watano. Nasiha peke yake anaficha. Anamficha nani? Katika chumba kile kizima, mwanamke asiyezaa alikuwa mmoja tu, na kila mtu anajua jicho la kuogopwa ni la nani. Mahfudha aliona kama amefunguliwa mlango akaonyeshwa nduguye anavyomdhania miaka yote. Hakufikiri juu ya Khubaib aliyekuwa amelala kijichumba cha nyuma wakati huohuo, hatua chache kutoka hapo. Angefikiri hilo tu, mambo yasingekwenda yalivyokwenda. Lakini mtu akishaumia hafikiri.

"Tunakungoja wewe," akasema. "Kama hukuyua kuhesabu, sema, tuanzie hapo."

Nasiha akainua uso, akasema polepole, "Four. I have four children."

"Vizuri," akasema Mahfudha, akaendelea na wa pili.

Jioni Nasiha alimchukua mtoto kama kawaida, na kesho yake Khubaib akavuka kichochoro kama kawaida. Kitu kimoja tu kilikuwa kipya siku zile, na Mahfudha hakukipa maana yoyote: Taha alikuja na futi yake akaomba kupima ukuta wa kijichumba cha nyuma. Alisema anataka kuona kama rafu itakaa. Mahfudha alifurahi, kwani vitabu vyake vilikuwa vimerundikana chini, na akasema moyoni kwamba labda ni njia ya Nasiha ya kutaka yaishe.

Rafu haikuja. Khubaib alipatwa na homa. Mwanzo walidhani ni homa za kawaida za watoto, wakampa dawa, akacheza kidogo. Usiku wake shingo ikakakamaa. Walimkimbiza hospitali na madaktari walifanya walichoweza, lakini ugonjwa ulikuwa umeshawatangulia. Alizikwa baada ya Adhuhuri, na Zein ndiye aliyeingia kaburini kumpokea, kisha akarudi nyumbani akakaa kitako ukumbini na mchanga mikononi bila ya kunawa.

Ndara za mtoto zilikuwa mlangoni kwa Mahfudha. Alizitazama, akaziingiza ndani, akaziweka chini ya kitanda chao kikubwa. Hakuna aliyempa pole. Hapakuwa na ubaya wowote katika hilo; mamake mtoto yupo, pole hupewa mamake. Mahfudha alijifunga kanga akaenda matangani kama jirani yeyote, na moyoni mwake mna kitu kizito ambacho hana haki ya kukiita jina.

Kwenye ngazi za nyumba ya Nasiha walisimama wanawake wawili wakinong'ona. Alipopita alisikia neno moja tu: jicho. Labda walikuwa wakisema juu ya mambo mengine kabisa. Labda mmoja alikuwa anaumwa jicho. Mahfudha hakungoja kujua. Alipanda juu akiwa na hotuba tayari kichwani, yeye mwalimu ambaye maisha yake yote hakukosa jibu.

Nasiha alikuwa ameketi kwenye mkeka katikati ya wanawake, ameegemea ukuta. Ubavuni pake paliachwa nafasi ya mtu mmoja. Alipomwona Mahfudha alisogea kidogo, akaweka mkono pale mahali pawe pake. Mahfudha akaketi. Kwa desturi ya watu wetu lipo neno moja la kuanzia, na mtoto mdogo analijua. Unaingia kwa mfiwa unasema, "Makiwa." Neno hilo likishasemwa, mengine yanaweza kungoja. Mahfudha hakulisema. Aliinama sikioni mwa nduguye akasema, "Nasiha, sikiza. Mtoto hafi kwa kuhesabiwa. Usije ukatia maneno hayo moyoni."

Nasiha akamgeukia. Macho yake yalikuwa hayana habari. "Maneno gani?"

"Ya siku ile. Ya darasani."

Ilichukua muda mpaka Nasiha akaelewa anaambiwa nini. Mahfudha aliona vile alivyokuwa akielewa, kidogo kidogo, na akatamani ayarudishe mdomoni, lakini yalikuwa yameshatoka. Nasiha akauondoa mkono wake mkekani.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Hakumwita dada tena tangu siku hiyo. Hawakugombana, watu waliogombana hupatanishwa, wazee hukaa wakazungumza yakaisha. Hawa waliamkiana kila siku. "Sabalkheri, mwalimu." "Sabalkheri, Nasiha. Hujambo?" "Sijambo, alhamdulillah. Na Zein yu mzima?" Heshima ilikuwa kamili, haikupungua hata herufi, na hiyo heshima ndiyo iliyomuua Mahfudha. Idi sahani zilivuka kichochoro kama kawaida, zikarudi zimeoshwa na zina kitu ndani kama desturi, lakini zililetwa na Hanin. Nasiha darasani hakurudi. Na kila Mahfudha alipoutazama ukuta mtupu wa kijichumba cha nyuma alisema moyoni, basi hata rafu wamenikasirikia.

Zein alijaribu mara moja. Walikuwa wanakula, akaweka tonge chini.

"Mke wangu, wewe ulimpa makiwa Nasiha?"

"Kwa nini waniuliza?"

"Nauliza tu. Mimi nilimpa Taha kaburini. Yeye naye akanipa mimi."

Mahfudha akaondoa sahani hali mume hajashiba. Alijua Zein amesema kweli, na mtu mwenye kusema kweli kwa upole hana dawa. Mara ngapi alishika mtandio wake kwenda kwa Nasiha, akafika kizingitini, akarudi. Leo ana wageni. Leo amefura. Leo Ramadhani inaingia, tuache ipite. Mwalimu aliyewapiga watoto wa watu fimbo kwa kuchelewa alichelewa yeye kwa neno moja mpaka Hanin akakua, akaposwa, akaolewa, akaenda zake Maskati.

Ndipo tukafika wiki ile ya masanduku na ya swali la Maisara.

Alhamisi Mahfudha hakusomesha. Alioka mkate wa sinia, akaufunika kwa kitambaa safi, akavuka. Ndani ya nyumba ya Nasiha kuta zilikuwa tupu, na palipokuwa na picha palibaki weupe. Taha alikuwa ametoka kwenda kuaga watu. Nasiha alikuwa peke yake ukumbini akifunga sanduku kwa kamba.

"Hodi."

"Karibu, mwalimu. Mbona umejisumbua? Keti, ingawa sina hata kiti cha kukupa."

Mahfudha hakuketi. Aliuweka mkate juu ya sanduku jingine, akabaki ameshika kitambaa mkononi. Alikuwa ameyapanga maneno mengi usiku mzima, yote mazuri, na sasa hakulikumbuka hata moja. Alilobaki nalo lilikuwa lile lile la mwanzo.

"Makiwa, Nasiha," akasema.

Kamba ikamlegea Nasiha mikononi. Hakuuliza makiwa ya nani. Alikaa juu ya sanduku, akasema, "Nawe makiwa, dada."

Mahfudha alilia. Alilia kwa sauti, vile alivyopaswa kulia siku ile, akiwa amesimama katikati ya nyumba tupu, mpaka Nasiha akamvuta mkono akamketisha karibu yake. Alipoweza kusema akasema lililobaki.

"Siku ile darasani nalikushika vile kwa sababu nalidhani wanificha mimi. Wakimbiza wanao na jito langu la husda. Mimi nisiyezaa."

Nasiha alimtazama kama mtu aliyeambiwa jambo la nyumba nyingine.

"Wewe? Nikufiche wewe? Na mtoto alikuwa akila kwako na kulala kwako?"

"Basi mbona hukusema?"

Nasiha akapangusa vumbi juu ya sanduku. Nje pikipiki ilipita kichochoroni ikipiga honi, mtu akamkaripia mwenyewe, kukatulia tena.

"N'likuwa siyui niseme wangapi," akasema. "Mimi na Taha tulikuwa tumeshazungumza. Khubaib tulikusudia tukupe wewe. Umlee, awe wako, kama wazee wetu walivyofanyiana zamani. Yeye mwenyewe alikuwa ameshayigawa. Twalingoja Idi tu, tumlete na nguo zake mpya, tukwambie wewe na Zein pamoja. Ukaniuliza mbele za watu. Nikisema wanne, nimekunyang'anya. Nikisema watatu, watauliza yule mwengine yuwapi, na wewe hujaambiwa. Ndipo nikasema Alhamdulillah."

Mahfudha akakikunja kitambaa cha mkate magotini.

"Ulikuwa washikilia," akasema Nasiha, bila ya ukali. "Nikasema wanne."

"Na baadaye? Mbona hukuniambia?"

"Siku ya matanga n'likuwekea nafasi. Kila aliyetaka kukaa ubavuni pangu nikimwambia hapa pana mwenyewe. Nikasema, huyu naye amefiwa kama mimi, na hakuna anayeyua ila mimi na Taha. Akija n'tamwambia, tulie pamoja. Ukaja." Akaishika tena kamba ya sanduku, akaikaza. "Ukaja na maneno yako."

Mahfudha hakujitetea, angalau hilo alikuwa ameshajifunza. Mkono wa Nasiha ulikuwa karibu na wake juu ya sanduku, naye akauweka wake juu yake, na Nasiha hakuuondoa.

"Taha yule, siku alipokuya kupima ukuta," akasema Nasiha, "hakuwa akipima rafu."

Kitanda kilikuwa juu, chumba cha darini, kimefunikwa shuka. Taha alikuwa amekimaliza wiki ile ile ya homa. Ni kitanda kidogo cha mbao ya mkangazi chenye ukingo upande mmoja, mtoto asianguke, na nguzo zake zimechongwa kwa kazi ya mtu asiyekuwa na haraka. Hawakumlaza mtu juu yake, wala hawakukiuza. "Kichukue," akasema Nasiha. "Kilifanywa kwa kipimo cha ukuta wako. Hapa wapangaji watakitia moto."

Kadenge, mwenye mkokoteni, ndiye aliyekivusha jioni ile, ingawa kuvuka kichochoro si safari ya mkokoteni. Waliokaa barazani waliuliza kama mwalimu amepata mgeni, naye Kadenge, asiyejua lolote, akawajibu kwamba huenda. Kiliingia kijichumba cha nyuma, kikashikana na ukuta bila ya kubaki nafasi hata ya kidole. Zein alikikuta hapo alipotoka msikitini. Akauliza mbona kidogo hivyo, na Mahfudha akamweleza yote, tangu mwanzo, pamoja na lile alilolisema matangani ambalo hakuwahi kumwambia. Zein alikaa ukingoni mwa kitanda. Kikalia chini yake, akainuka upesi kama aliyemkalia mtu, akaenda nje kwa muda mrefu. Mahfudha akatandika shuka. Akazitoa ndara chini ya kitanda kile kikubwa akaziweka chini ya hiki.

Ijumaa Nasiha aliondoka. Waliagana mlangoni, wakashikana mbele ya watu, naye alimwita dada, na gari likaenda. Kweli waliweza kupatana. Lakini miaka iliyopita kati yao ilikuwa imekwenda yote, na nyumba ya pili sasa ina wapangaji wasiojua kuamkia.

Jumamosi darasa lilikuwa kama kawaida. Sinia, mayai, tende, mchele. Walipofika chini ya picha ya sukari, Mahfudha hakulowesha kidole. Aliwaambia waulizane, na kwamba asiyetaka kutaja namba asitaje, atafute namna yake ya kujibu, naye mwalimu ataipokea. Wakaulizana. Mmoja akasema watatu, mwengine akasema Mungu amejaalia kwa Kizungu kibovu, wakacheka, yakapita.

Maisara alikuwa hajashiba. "Nawe je, mwalimu? How many?"

Wale wa zamani wakamkonyeza, wakamvuta nguo. Walijua jibu lake, walilisikia siku ile alipolisema amesimama wima, na hawakutaka alirudie. Mahfudha aliuelekeza uso kwenye mlango wa kijichumba cha nyuma, uliokuwa wazi kidogo.

"Alhamdulillah," akasema.

Maisara akangoja namba. Mwalimu hakumpa, aliinuka akaenda kuwaletea kahawa.